Jinsi Nilivyopata Jina la Bwana Makapi

Mkinikuta sokoni Kasulu nimesimama mbele ya fungu la karanga, miwani puani, nazigeuza moja moja mpaka muuzaji ananuna, msinicheke nikiwa bado hapo. Subirini nipite. Wauzaji wa zamani wamenizoea. Huwaambia wenzao wageni, "Mwacheni, huyo ni Bwana Makapi, ana sababu zake." Wageni hudhani ni jina la ukoo wangu, nami siwasahihishi.

Ninyi mnaosoma mifugo siku hizi mnakuja kwangu na simu zenu mkitaka niwaeleze ya zamani, na naona machoni mwenu mnatarajia habari za namna nilivyowainua wafugaji wa Kibondo. Nitawaeleza namna nilivyokaribia kuwamalizia nguruwe. Afadhali mlisikie jambo hilo kwangu mimi mwenyewe, kwa sababu kule Mabamba bado wapo akina mama wanaolisimulia, na wao hutia chumvi.

Nilipotoka chuoni, miaka ya sabini, nilikuwa na mali tatu: baiskeli ya serikali, buti zilizonizidi namba moja, na neno protini. Buti zilinichubua, baiskeli ilinitupa mara kwa mara kwenye ile miteremko ya udongo mwekundu, lakini neno halikuniangusha. Mkulima akilalamika kwamba nguruwe wake ana upele, nilimjibu protini. Akisema nguruwe amepotea, nilimwambia labda amekwenda kutafuta protini. Bibi yenu huyu, enzi hizo bado ni mchumba, barua ya kwanza niliyomwandikia nilimshauri aongeze maharage. Alinijibu baada ya miezi miwili, na kwa ufupi sana.

Neno lenyewe si la uongo. Mtoto wa nguruwe akiachishwa ziwa, umemnyang'anya chakula bora kuliko vyote na kumwachia dunia. Tumbo lake bado changa, mwili unataka kukua haraka, na ukimpa pumba tupu anabaki kichwa na masikio. Anahitaji kitu cha kujengea mwili: dagaa, soya, maharage yaliyochemshwa, mashudu mazuri. Hayo yote niliyajua kwa kichwa, na mtihani nilifaulu. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma kutoka Kibondo mpaka mpakani.

Kijiji nilichokuwa nikikihudumia zaidi kilikuwa karibu na Mabamba. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kutoka mabondeni, nyumba zikapangwa kwa mstari, na katikati likajengwa ghala la kijiji la matofali. Tulikuwa na utaratibu wa nguruwe wa zamu. Familia ilipewa jike moja lenye mimba. Jike likizaa na watoto wakiachishwa ziwa, mfugaji alitoa watoto majike wawili, wenye afya, wapewe familia mbili zilizokuwa zikingoja. Akishatoa hao, jike ni lake moja kwa moja. Akishindwa kwa uzembe, jike linachukuliwa na kupewa mwingine. Aliyeandika kama ni uzembe au si uzembe nilikuwa mimi.

Zamu ikamfikia Mama Bukuru. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi miaka michache nyuma, mgongoni mapacha wake wawili, Bukuru na Butoyi. Mume wake hakuvuka. Shamba alilolima alikuwa ameazimwa, jembe ameazimwa, hata chungu cha kupikia maharage kilikuwa cha jirani. Lile jike la madoa meusi ndilo lilikuwa kitu cha kwanza upande huu wa mpaka ambacho kingeweza kuitwa chake. Alilifagilia banda kuliko nilivyofagia chumba changu. Lilipozaa watoto tisa, majike wanne na madume watano, alinipigia makofi yale ya taratibu ya kusalimu ya kwao kana kwamba niliwazaa mimi. Nami kwa ujinga wangu niliitikia.

Siku moja, watoto wale wakiwa wanakaribia kuachishwa ziwa, nilimkuta ameketi uani na ungo wa karanga. Alikuwa anachambua. Nzuri zilibaki kwenye ungo. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, na zile zenye vumbi la kijani zilitupwa kwenye kibuyu kilichopasuka.

"Hizo unazipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Shimoni, Bwana Mifugo. Nyuma ya choo."

"Mama Bukuru, unafukia protini."

Aliangalia kibuyu, akaniangalia. "Hizi ni mbaya. Hata kuku hatuwapi. Mama yangu alizifukia."

"Mama yako alisoma chuo gani?"

Sentensi hiyo naikumbuka vizuri kuliko tarehe ya harusi yangu. Mama Bukuru aliinama akaendelea kuchambua, na nilidhani nimemshinda kwa hoja.

Wiki ile ile nikaitisha mkutano wa akina mama. Ndugu zangu, nikawaambia, katika kujitegemea hakuna kutupa. Karanga mnazozikataa zina mafuta na protini ile ile ya karanga nzuri. Zikusanyeni, zitwangeni, mwape watoto wa nguruwe. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaingia kwenye chungu, nikaongeza la pili: pale ghalani paa lilikuwa linavuja, na magunia ya mahindi ya pembeni yalikuwa yameota ukungu. Mahindi yale binadamu asingeweza kuyala, basi nguruwe ayale. Nilipigiwa makofi. Niliandika mchanganyiko wenyewe kwenye karatasi, kopo hili la mahindi kwa kopo lile la makapi ya karanga, nikatia sahihi.

Mama Bukuru hakujua kusoma, lakini karatasi yangu aliibandika kwenye nguzo ya banda kwa uji wa muhogo, akaifuata kila siku. Mwenyewe mahindi ya kula nyumbani aliyaning'iniza juu ya jiko, na maganda yake, yakifukizwa moshi, kama walivyofanya wazee wa Kiha na Warundi kabla yetu. Niliwahi kumwambia kwamba mahindi ya moshini ni ushamba. Kwa hiyo watoto wake wawili walikula mahindi ya kishamba, na watoto tisa wa nguruwe walikula ya kitaalamu.

Siku za kwanza walikula. Kisha wakaanza kuchagua. Mnajua nguruwe, akikataa chakula, mkulima mwenye akili huangalia chakula. Mimi niliangalia nguruwe. Manyoya yalisimama, mbavu zikajitokeza, wengine wakawa wanapepesuka wakitembea. Nikafungua daftari, nikafikiri kwa dakika nzima, nikagundua tatizo. Upungufu wa protini.

"Ongeza kopo la karanga," nikamwambia.

"Hawali, Bwana Mifugo."

"Changanya na maji ya moto."

Akaongeza, akachanganya na maji ya moto. Wawili wakafa.

Sasa jitayarisheni, maana hapa ndipo nilipoonyesha kipaji. Wale majike wadogo, wa majuma kumi tu, walivimba sehemu za nyuma, nyekundu kabisa, kama jike zima linalotaka dume. Mama Bukuru akaniita nione. Nilizunguka banda mara mbili, mikono nyuma, nikatangaza kwamba wanyama hawa wamepevuka mapema.

"Hawa watoto?" akasema. "Hawajafika hata magotini kwangu."

"Ni ajabu ya mbegu hii," nikamjibu.

Na nikaandika barua. Nikamwandikia Mzee Lameck, mkuu wangu wa mifugo wa wilaya, mtu wa Bukoba, mfupi, asiyetumia maneno mawili panapotosha moja. Nilimwarifu kwamba huku Mabamba nimepata aina ya nguruwe wanaohitaji dume wakiwa na miezi miwili na nusu, na nikapendekeza wafanyiwe uchunguzi kwa manufaa ya taifa. Mwishoni nikagusia kwamba wachache wanakufa.

Mzee Lameck hakunijibu. Alikuja. Wakati Land Rover yake inasimama, walikuwa wameshakufa wanne, majike wawili na madume wawili. Majike waliobaki walikuwa wawili tu, wamelala ubavu, weupe wa macho umegeuka manjano. Majike wawili, ndiyo hesabu yenyewe ya kijiji. Akifa mmoja, Mama Bukuru hana cha kutoa. Yeye alikuwa amesimama kando ya banda, kanga imefungwa kifuani kwa nguvu.

"Nimekuja kuona mbegu mpya," Mzee Lameck akasema, na hakucheka.

Hakuwagusa nguruwe. Alikwenda kwenye kihori, akachota chakula kwa kiganja, akakifumba ngumi, akanusa. Akatoa punje ya mahindi, akaipasua kwa kucha, akatazama ndani. Kisha akauliza karanga zile zimetoka wapi. Nilimsubiri Mama Bukuru ajibu, kwa matumaini ya aibu kwamba angejibu vibaya. Yeye aliangalia tu ile karatasi kwenye nguzo.

Mzee Lameck aliisoma mpaka kwenye sahihi. Akaenda kwenye kibuyu, akachota makapi ya karanga, akaniwekea mkononi.

"Kula."

"Mzee?"

"Karanga hizo. Kula."

Nilizitazama. Zilikuwa na vumbi la kijani na harufu ya nguo iliyosahaulika mvuani. Mkono ulikataa kupanda.

"Huwezi," akasema. "Na wewe una ini kubwa. Huyu mtoto ini lake ni dogo kama kidole gumba, umempa yeye."

Akanieleza pale pale, mbele ya mama niliyemuuliza chuo cha mama yake, kwamba ule ukungu unatengeneza sumu. Siku hizi mnaiita sumukuvu na mna vipimo vyake. Sumu ile hukaa zaidi kwenye karanga zilizokunjamana na punje zilizooza, zile zile ambazo akina mama huzitoa. Ya karanga hula ini. Kwenye mahindi kuna nyingine inayowavimbisha majike wadogo wakaonekana wanataka dume. Hakukuwa na mbegu mpya. Kulikuwa na mimi.

"Sasa nini?" nikauliza.

"Kwanza ondoa. Protini haioshi sumu. Mtu anayemwagiwa maji ya moto humpi dawa ya kuungua huku unaendelea kumwagia."

Hilo lishikeni, hata mkisahau mengine yote. Watu wananiletea mifuko ya chakula cha kiwandani cha bei mbaya wakiuliza kama kitamponya mtoto wa nguruwe aliyekula mahindi mabovu. Chakula kizuri chenye protini husaidia ini lijijenge upya na mwili urudi, lakini baada ya kuondoa kibovu. Ukichanganya kizuri na kibovu, umeharibu kizuri.

Mama Bukuru alitushangaza. Aliingia ndani, akatoka na mahindi yake yaliyokuwa juu ya jiko, meusi kwa moshi, akaanza kuyapukuchua.

"Hayo ni chakula cha watoto wako," nikamwambia.

"Ego, ndiyo. Na hawa je?" akasema, akiwaonyesha wale majike wawili.

Mahindi tukapata, ya kishamba. Ikabaki protini, na mara hii ilikuwa zamu yake kweli. Nilipanda baiskeli mpaka Kibondo mjini kwa Mzee Sudi, mfanyabiashara mwenye asili ya Ujiji, aliyepokea dagaa wa ziwani kwa lori kutoka Kigoma. Kabla sijafungua mdomo alininyooshea kidole.

"Nauza dagaa. Anayekwenda kumla sijamuuliza, na wewe usiniambie."

"Sawa, mzee."

"Lakini kama ni mtoto mchanga, au chochote kile, wapepete dagaa mchanga kwanza. Hawa wameanikwa ufukweni. Na wenye chumvi nyingi usimpe, atakufa kwa kiu."

Alijua kila kitu na hakujua chochote, mtu mwema yule. Nami nawapa maneno yake kama alivyonipa. Dagaa wa nguruwe mdogo wawe wakavu, wanuke dagaa, wasinuke ukungu. Wapepete mchanga, wasiwe wa chumvi, watwange, uanze kidogo kidogo, na maji yasikauke kihorini. Maharage chemsha mpaka yapondeke. Mabichi yanamsumbua tumbo. Na nguruwe akikaribia kuchinjwa acha dagaa mapema, la sivyo utakula nyama yenye harufu ya Kigoma.

Tulianza kwa kuwakorogea uji. Mmoja wa majike alikunywa siku ile ile. Mwingine, mdogo kuliko wote, aligeuza kichwa. Siku ya tatu Mama Bukuru alimlaza mapajani, akamtilia uji mdomoni kwa kidole, akimwimbia kitu cha Kirundi nisichokielewa. Mimi nilishika bakuli. Ndiyo kazi pekee ya maana niliyoifanya mwezi ule.

Wote watano waliobaki waliishi, ila majike wale wawili walidumaa. Mwezi wa kukabidhi ukafika, nao hawakufaa kupewa mtu. Kamati ikakutana mbele ya ofisi ya kijiji kuamua kama jike la madoa lichukuliwe. Familia zilizokuwa zikingoja zilikuwepo, zimekasirika, na haki walikuwa nayo. Mwenyekiti akaniuliza taarifa yangu inasemaje.

Nilikuwa nimeandika taarifa. Niwaambie ukweli, nilikuwa nimeandika "ugonjwa usiojulikana." Si uongo mkubwa, nilijiambia, na hauwaumizi wengi. Msiponiamini sasa, sitawalaumu. Niliikunjua karatasi, lakini kabla sijasoma Mama Bukuru alisimama. Alipiga yale makofi yake ya taratibu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Bwana Mifugo alikuja kila siku. Alichoka sana. Mimi ndiye sikujua kulisha. Mimi ni mgeni."

Akakaa. Alikuwa tayari kupoteza jike lake kuliko kuniaibisha mbele za watu, mimi niliyemtukania mama yake. Niliona aibu ambayo sijaipata tena, na nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya mkuu wa wilaya.

Nikaikunja taarifa. "Si yeye," nikasema. "Yeye alikuwa anafukia zile karanga mbovu. Nilimkataza. Na mahindi ya ghalani ni mimi niliyesema. Sumu niliwapa mimi, na sahihi yangu bado iko bandani, nendeni mkaione."

Mzee mmoja nyuma akauliza, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo ule mkutano wa makapi, tulikupigia makofi ya nini?"

Walicheka mpaka mwenyekiti akashindwa kuwanyamazisha, na nilipotoka pale nilikuwa tayari nina jina. Kamati iliamua jike libaki kwa Mama Bukuru, atoe majike wawili katika uzao utakaofuata. Na mimi, kwa kuwa nilipenda makapi, nikapewa kazi ya kuchambua mahindi ya ghala pamoja na akina mama mpaka yaishe.

Siku kadhaa nilikaa chini, miguu nimenyoosha, ungo mapajani, mwanamume peke yangu. Nilijifunza mengi kuliko chuoni. Mahindi mabovu ni mepesi, ukipepeta hupanda juu, ukiloweka huelea. Karanga isiyokuwa salama kidole huikwepa kabla jicho halijaiona. Akina mama walinikagua ungo wangu kila mara na kuurudisha. "Rudia, Bwana Makapi," walisema, nami nilirudia. Mama Bukuru peke yake hakuniita jina hilo. Alikuwa amelipata lingine la kutumia: yule jike mdogo aliyedumaa alimwita Bwana Mifugo, na jioni nilimsikia akimwita, "Bwana Mifugo, njoo ule," na wote wawili tuligeuka.

Jike la madoa lilizaa tena, likalipa deni la kijiji, likawa lake. Nami nikahamishiwa Kasulu. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kumuaga. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha kwa habari ya mama yake, maneno nimeyapanga tangu usiku, lakini nilipofika nikaishia kusema nitamtafutia dagaa wazuri. Aliitikia, akaingia ndani, akanipa kifurushi kimefungwa kwa jani la mgomba.

"Ni karanga," akasema. "Nilizichambua."

"Murakoze, Mama Bukuru," nikashukuru kwa Kirundi. "Usingejisumbua."

"Oya, hapana, si usumbufu. Ndizo wanazokula nguruwe wangu."

Juu ya lori nilifungua lile jani. Njia nzima mpaka Kasulu nilizigeuza moja moja nikitafuta hata moja iliyo mbovu. Sikuipata, nikazila zote.